Tuliyojifunza kwa Mfinyanzi wa Urambo

Mwezi huu twende pamoja Urambo, kiasi cha kilomita 90 magharibi ya Tabora.

Tulianzia Kwihara, kwenye tembe alimokaa Dakta Livingstone mwaka 1872. Miembe ya huko si miti ya asili; ililetwa na misafara iliyotoka pwani kwenda Ujiji. Kisha tukashika njia ya Urambo, nchi yenye jina la Mtemi Mirambo, aliyefariki mwaka 1884. Baada ya 1947 Waingereza walifyeka pori hapa ili walime karanga. Mwaka 1951 mpango huo uliachwa. Tumbaku ikafuata, na leo mabani ya kuikaushia yanakula kuni nyingi.

Kijijini tulimwamkia bibi mmoja mfinyanzi. Alituwekea mitungi miwili. Wa kwanza, wa marehemu mama yake, ulikuwa laini. Wa pili, wake mwenyewe, ulikwaruza mkono.

"Ule wa mama ni udongo wa kijito cha nyuma ya nyumba hii," alisema. "Mimi nachimba mbugani, mwendo wa saa nzima. Kijito kimejaa mchanga."

Tulikwenda kukitazama. Palikuwa na bonde kavu na mbuzi wakipita. Watoto waliotufuata hawakujua kwamba paliwahi kuwa na maji.

Tulimwuliza kama ni tumbaku iliyoleta hayo. Alinyamaza kidogo. "Wanangu wamesoma kwa tumbaku, siwezi kuitukana. Lakini miti iliyoshika udongo imeishia banini."

Katika Mwanzo 26 tunasoma kwamba Isaka alivichimbua tena visima vya baba yake vilivyofukiwa, akavirudishia majina yake ya kwanza. Je, angewezaje kama hakuna aliyemwonyesha vilipokuwa?

Basi, mama mwenzetu, waulize wazee wako maji yalipita wapi, uwapeleke watoto wakapaone. Baba akipanga heka za tumbaku, kaeni pamoja mpange na shamba la miti ya kuni. Kando ya kijito msipande mikaratusi, maana hunywa maji mengi. Iacheni miti ya asili ichipue.

Bibi alitupa kitungi kidogo. Kiko mezani petu, kina maji ya kunywa, na kila mtoto wetu anajua jina la kijito cha bibi yule.