Askari wa Posta Ana Ndugu Didia

Hebu niambie mwenzangu, ni mara ngapi umempita yule jamaa wa shaba pale Posta bila hata kumpa hi? Yupo katikati ya mzunguko wa Samora na Maktaba, bunduki mkononi, singe imeelekea bandarini. Sisi wa Bongo tunamtumia kwa miadi tu: "Tukutane Askari saa kumi." Mtoto wa watu akichelewa, unabaki unatazamana naye.

Mimi nilikuwa hivyo hivyo, mpaka mwaka jana nilipokwenda Didia kumsalimia babu.

Didia haina makuu. Ukitoka Shinyanga mjini unashika njia ya Tinde, tambarare kulia, tambarare kushoto, ng'ombe na vumbi lao, ukishtuka konda anauliza kama unashuka. Jioni, matobolwa na karanga vikiwa mbele yetu, nikamwonyesha babu picha niliyopiga na mshikaji wangu chini ya Askari. Nikajifanya mwalimu. Nikamwambia Waingereza waliizindua sanamu ile mwaka 1927. Kabla yake, tangu 1911, alisimama pale Mjerumani Hermann von Wissmann, akang'olewa Waingereza walipoingia Dar mwaka 1916. Maneno yake yalitungwa na Rudyard Kipling, tena yapo na ya Kiswahili, kwa herufi za kirumi na za kiarabu. Ni ukumbusho wa askari na wapagazi Waafrika wa Vita Kuu ya 1914 hadi 1918.

Babu akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza: "Mjukuu wangu, jina la babu yako mkubwa wameliandika upande gani?"

Nikaishiwa pozi. Pale hakuna jina la mpagazi hata mmoja.

Ndipo akanipa stori. Kaka wa baba yake alichukuliwa kubeba mizigo ya vita. Treni huku hakuna. Reli ya Tabora hadi Mwanza ilikamilika 1928. Watu walipiga mguu, mzigo kichwani. Hakurudi, na kaburi halijulikani. Alimbebea Mjerumani au Mwingereza? "Mzigo ni mzigo," babu akanijibu.

Wala hakuwa peke yake. Wanahistoria wanakadiria kuwa upande wa Waingereza tu walikufa wapagazi zaidi ya 90,000, wengi wao si kwa risasi bali kwa kuhara, malaria na lishe mbovu. Upande wa Wajerumani hesabu kamili haikuwekwa.

"Sasa hapa nyumbani alama yake ni ipi?" nikauliza.

Babu akaita jina. Dogo mmoja aliyekuwa anafunga ndama akaitika, akaja mbio. Kumbe ni jina la yule marehemu. Kila kizazi ukoo unampa mtoto mmoja.

"Huyo hapo," babu akasema, akachukua kipande kingine cha tobolwa.

Nilirudi Dar kwa basi, karibu kilomita 1,000, nimekaa kwenye kiti, na bado nikalalamika mgongo. Kesho yake nikasimama pale Posta bila miadi na mtu.

Nawe siku ukienda kwenu, waulize wazee jina. Ukirudi, mpe hi yule jamaa. Huenda ni wa kwenu.