Msafara wa Magari katika Njia ya Mawe

Ndugu msomaji, litajwapo jangwa, aghalabu mawazo yetu hukimbilia mchanga. Lakini kaskazini ya Kenya liko jangwa la namna nyingine. Huko yametandazwa mawe meusi yaliyotapikwa na volkano zamani za kale, na kati yake hupita njia iendayo Loiyangalani, kando ya mashariki ya Ziwa Turkana. Njia hiyo haimfai mtu wa peke yake. Ni njia ya msafara.

Ukipenda kuijua, anzia Maralal, mji wa nyanda za juu ambako Mzee Jomo Kenyatta alikaa kizuizini kwa miezi michache mwaka 1961, kabla hajaachiwa huru. Kutoka hapo hadi ziwani ni zaidi ya kilomita 200. Utapita Baragoi, kisha South Horr, bonde lenye chemchemi na miti mikubwa chini ya Mlima Nyiro, ambao Wasamburu wanauheshimu kuwa ni mahali patakatifu. Pumzikeni hapo, mkaze nati na kukagua springi, kwani kivuli kama hicho hamtakiona tena upesi.

Mbele ya South Horr miti huadimika na upepo huzidi. Katika tambarare za Sarima utaona jinsi upepo huo ulivyotiwa kazini: mitambo 365 ya kuzalisha umeme, yenye uwezo wa megawati 310, iliyounganishwa na gridi ya taifa mwaka 2018. Kisha njia huanza kuteremka, na ghafula ziwa hujitokeza, la kijani, katikati ya weusi wa mawe. Mwaka 1888 wapelelezi kutoka Ulaya waliliita Rudolf. Mwaka 1975 Kenya ikalipa jina la Turkana.

Hapo ndipo udereva hupimwa. Gari liwe lile linaloendeshwa kwa magurudumu yote manne, nalo literemke kwa gia nzito, injini ikilizuia, ili breki zisipate moto. Jiwe kubwa usilipitishe katikati ya magurudumu, maana litagonga difu. Panda juu yake kwa tairi, taratibu. Upepo wa matairi upunguzwe kidogo tu, kwa kuwa tairi lililolegea mno hupasuliwa ubavuni na mawe makali. Mtu mmoja ashuke, atangulie kwa miguu, aongoze kwa mikono. Nasema mmoja, kwa sababu wakiongoza watatu dereva hamfuati hata mmoja.

Msafara nao una sheria zake. Kila dereva ana dhamana ya gari lililo nyuma yake. Asipoliona tena katika kioo, husimama. Aliye mbele yake naye husimama, mpaka habari imfikie kiongozi. Kwa njia hii mwendo wa wote huwa ni mwendo wa gari dhaifu kuliko yote. Vijana wenye magari mapya huona uzito, lakini springi ikikatika katika joto la mchana, watu wa gari lile watategemea maji na vifaa vya wenzao.

Maji ndiyo jambo kubwa kupita yote. Usidanganywe na ziwa lile pana lililo mbele ya macho yako. Maji yake yana magadi na floridi nyingi; wenyeji wasio na mengine huyanywa, na miaka ikipita meno na mifupa huharibika. Loiyangalani ina chemchemi na mikoma yenye kivuli, lakini chemchemi ile ina wenyewe. Waturkana, Wasamburu, Warendille na Waelmolo, ambao ni wavuvi wa asili wa ziwa hilo, huishi katika nchi hii daima, si kwa siku tatu. Kuanzia mwisho wa mwaka 2020 hadi mwisho wa 2022 misimu mitano ya mvua ilipita mfululizo bila mvua ya kutosha, na mifugo mingi sana ikafa. Fikiri basi magari kumi yanayofika jioni, kila mmoja akitaka kujaza madumu na kuoga vumbi.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, kama siku moja wewe na jamaa zako mtaifuata njia hii, pimeni maji yenu Maralal: ya kunywa, ya kupikia, ya injini, na akiba ya siku mbili za kukwama. Yagawanywe katika magari yote, yasipakiwe katika moja, kwani hilo moja ndilo laweza kuvunjika. Mkifika kijijini, mtafuteni kwanza mzee wa mahali, mmsalimu, mwombe ruhusa ya kulala. Na mkikuta njiani mama amebeba dumu tupu, mjazieni.