Mwethya Ndani ya Tone la Damu

Kwetu Ukambani, mtoto hufundishwa mapema kwamba maji hayaonekani kila mara pale yalipo. Mto ukikauka, mgeni huona mchanga mtupu. Mwenyeji huchimba kidogo tu akachota. Ndiyo maana watu wa Kitui na Makueni hukusanyika kwa mwethya, yaani kazi ya pamoja isiyo na mshahara, wakajenga kuta mitoni ili mchanga ujae nyuma yake. Shirika la SASOL limesaidia kujenga mamia ya mabwawa hayo huko Kitui tangu miaka ya 1990. Punje za mchanga hushika maji, na jua haliyafikii kwa urahisi.

Majuzi binti yangu, mwanafunzi wa chuo kikuu, aliniambia, "Mama, tunasoma haidrojeli za peptidi zinazojiunda zenyewe." Nilimtaka anieleze kwa lugha ya nyumbani. Alianzia kwenye mchanga huo huo.

Peptidi, alisema, ni mnyororo mfupi wa asidi za amino, vile vipande vinavyounda protini ya maharagwe na nyama. Iko moja iitwayo RADA16, yenye vipande 16. Upande wake mmoja hupenda maji, wa pili huyakimbia. Ikikutana na chumvi ya damu, minyororo hiyo hujipanga bega kwa bega bila msimamizi, ikawa nyuzi nyembamba mno. Nyuzi husukana kama wavu, na maji hunaswa humo. Basi hiyo ndiyo haidrojeli. Peptidi ya kwanza ya aina hii ilitokana na uchunguzi wa Shuguang Zhang kuhusu protini ya hamira, katika chuo cha MIT, Marekani, mwanzoni mwa miaka ya 1990.

"Ya kazi gani?" nikamwuliza.

"Kuzuia damu, Mama."

Hapo nilinyamaza. Nilimkumbuka kaka yangu, aliyejikata muundi kwa panga akifyeka shamba, mbali na barabara ya gari. Jirani alileta ugoro apake. Nyanya alikataa katakata, akakunja leso safi, akabana kidonda kwa mikono miwili, wala hakuiachia hadi gari lilipopatikana. Kaka yu hai, na kovu analo.

Leo madaktari wa nchi kadhaa humimina jeli ya RADA16 mahali panapovuja damu wakati wa upasuaji. Katika kila sehemu 100, peptidi ni mbili na nusu tu. Karibu zote zilizobaki ni maji. Tena jeli hiyo hupitisha mwanga, kwa hivyo daktari huona anachotibu. Lakini haifai kwa mshipa mkubwa unaoruka damu, huo hufungwa.

Basi, wazazi wenzangu, jeli hiyo ni ya daktari. Sisi nyumbani tuna kitambaa safi na mikono. Mtu akikatika, bana kwa nguvu, usifunuefunue, mkimbize hospitali. Ugoro, majivu na mafuta ya taa yakae mbali na kidonda.

Nanyi wanafunzi mnaochoshwa na kemia, kumbukeni kwamba kidole kimoja hakivunji chawa. Minyororo midogo isiyoonekana kwa macho hushikana ikazuia damu ya mtu. Someni, huenda hata zahanati za Kitui na Makueni zikafaidika kwa mikono yenu.