Wesha: Mume, Boti na Mashine
Jamani, Pemba siyo karafuu tu! Shuka Wesha, karibu na Chake Chake, uwaone wanaume wakibishania mashine za boti. Wangu alitaka ya farasi 75 kwenye boti kuukuu ya faiba aliyorithi kwa baba yake, eti tufike Misali chapchap na watoto. (Kisiwa hicho ni hifadhi tangu 1998, kuzuri we acha tu.) Fundi akagonga ubao wa nyuma unaobeba mashine, mlio mzito, kama gunia. Umeoza ndani.

“Kaka, hapa 75 itang’oka nao. Badili ubao, weka 40.”

“Na ndogo ya akiba,” nikadakia. Ng’ambo ya Misali mkondo wa Pemba unashuka mita 800 hivi, na kusi ikivuma, mashine ikizima…

Akanuna mpaka magharibi. Asubuhi alikwenda kwa seremala.