Barua kwa mwanangu kuhusu Jeanne d'Arc na mfalme wake

Mwanangu mpendwa,

Ujumbe wako ulinikuta napembua mchele, nikauweka ungo kando. Unasema Jeanne d'Arc, yule ambaye kanisani tunamwita Mtakatifu Yoana wa Arc, alikuwa mjinga kumtumikia mfalme aliyemwacha akachomwa moto. Neno hilo "mjinga" limenichoma. Nimeona nikuandikie, maana kwenye simu ningekukatiza.

Mtazame kwanza huyo mfalme, Charles wa Ufaransa. Mwaka 1420, kwa mkataba wa Troyes, baba yake mzazi, aliyekuwa na maradhi ya akili, alimnyima urithi na kuuahidi kwa mfalme wa Uingereza. Baba akafa mwaka 1422, na kijana akabaki kudhihakiwa kuwa ni mfalme wa mji wa Bourges tu. Jeanne alipomfikia Chinon mwanzoni mwa 1429, binti wa miaka kama 17 kutoka kijiji cha Domrémy, hakumwita mfalme. Alimwita Dauphin, yaani mrithi, kwa sababu alikuwa hajapakwa mafuta matakatifu ya kutawazwa huko Reims. Charles naye hakumwamini mbio mbio. Alimpeleka Poitiers, wanazuoni wa dini wakamhoji wiki kama tatu. Hapo simlaumu hata kidogo.

Kisha akamruhusu kwenda na jeshi hadi Orléans. Mei 8 Waingereza waliacha kuuzingira mji huo, na Julai 17 Charles akavikwa taji Reims, Jeanne amesimama karibu naye na bendera yake. Mwisho wa mwezi huohuo mfalme alivifutia kodi vijiji vya Domrémy na Greux kwa ombi la Jeanne, na Desemba akaipa familia ya binti huyo hadhi ya ukabaila. Kwa hiyo usiseme hakumpa kitu. Alimpa hati na mihuri, ila baadaye jeshi alimnyima. Septemba 8, mbele ya kuta za Paris, Jeanne alichomwa mshale pajani, bado anataka kuendelea. Mfalme akaamuru warudi nyuma. Alikuwa amekwisha kutega sikio kwa ahadi za Mtawala wa Burgundy, mshirika wa Waingereza, na kabla mwezi haujaisha jeshi lilivunjwa huko Gien.

Mei 23, 1430, watu wa Burgundy walimkamata Jeanne Compiègne, kisha akauzwa kwa Waingereza kwa livre 10,000. Enzi zile mateka mwenye jina alikombolewa kwa fedha. Charles hakumkomboa. Sina cha kumtetea hapo, mwanangu, na wala sitafuti.

Lakini nataka usome kumbukumbu za kesi yake ya uzushi, uone kilichotokea Rouen Mei 24, 1431, kwenye makaburi ya Saint-Ouen. Jeanne amesimamishwa mbele ya umati, mhubiri anamshutumu, naye anavumilia. Mhubiri akageuka kumtukana Charles, akamwita mzushi wa dini. Hapo Jeanne akamkatiza, akasema mfalme wake ni Mkristo bora kuliko Wakristo wote. Akasema pia kwamba matendo yake, yakiwa na kosa, ni juu yake mwenyewe, si juu ya mfalme wala mtu mwingine. Mwaka mzima yuko kifungoni, hakuna aliyetumwa na mfalme kuja kumtoa, na bado anamkinga. Siku hiyohiyo aliogopa moto, akatia alama kwenye karatasi ya kukana. Siku chache baadaye akarudi kwenye msimamo wake wa awali, na Mei 30 wakamchoma.

Nimeurudia ukurasa ule mara nyingi. Mimi naona Jeanne alimjua Charles kuwa ni mwoga. Aliuona woga huo pale Paris. Alichokuwa akikilinda ni yale mafuta ya Reims. Kumwacha mhubiri amchafue mfalme kungekuwa kukubali kwamba safari yake yote ilikuwa uongo. Mtu anayejua hivyo anachokilinda si mjinga.

Charles aliingia Rouen mwaka 1449, na Februari 1450 ndipo akaamuru kesi ile ichunguzwe. Ilimfaa na yeye pia: taji alilofikishiwa na mtu aliyehukumiwa kuwa mzushi lilikuwa na doa. Aliyenigusa moyo zaidi ni mama yake Jeanne, Isabelle, aliyefika Notre-Dame ya Paris mwaka 1455, mzee, kuomba haki ya mwanawe. Hukumu ilifutwa Julai 7, 1456.

Ukija likizo tutaisoma kesi pamoja, tuanzie hapo makaburini. Msalimie sana baba yako.

Shangazi yako