Mwalimu wa Safed

Katika milima ya Galilaya, nchi tunayoisikia mara nyingi katika Injili, upo mji uitwao Safed. Huko alifundisha Myahudi mmoja, Isaac Luria, ambaye habari zake zimenifikirisha siku nyingi.

Alizaliwa Yerusalemu mwaka 1534. Baba yake alipofariki, mama akamchukua mtoto wakaenda Misri kwa mjomba wake, mtu mwenye mali. Huko akasoma sheria za dini yao kwa walimu wakubwa, tena akafanya biashara ya pilipili manga na nafaka. Jambo hili lanipendeza: mtu wa sala nyingi, na mizani aijua.

Mwaka 1570 akahamia Safed. Mji ulikuwa na watoto na wajukuu wengi wa Wayahudi waliofukuzwa Hispania mwaka 1492, wakaacha nyumba zao na makaburi ya wazee wao. Swali lao lilikuwa zito: Mungu ni mwema, mbona basi dunia imevunjika hivi?

Luria alijibu kwa mfano. Kabla ya kuumba, alisema, Mungu alijivuta nyuma, kama mwenyeji anayesogea ili mgeni apate pa kukaa. Kisha akamimina nuru yake katika vyombo. Vyombo havikuistahimili, vikapasuka, na cheche za nuru zikatawanyika, zikafunikwa na vigae. Kazi ya mtu ni kuziokota, kwa sala, kwa kila amri anayoitimiza, hata kwa chakula anachokibariki.

Mkatoliki hataikuta habari hii katika Katekisimu yake. Lakini tazameni inavyomfanyia mkimbizi! Jana alijiona ametupwa tu. Leo anayo kazi, na pale pale alipotupwa ndipo penye cheche zinazomngoja.

Hakufundisha Safed hata miaka mitatu. Tauni ilimchukua mwaka 1572, naye ana miaka 38. Aliandika machache sana, pamoja na nyimbo za Sabato. Mengine twayapata kwa wanafunzi wake, hasa Hayyim Vital, aliyeyaandika akayaficha kama mchoyo. Husimuliwa kwamba Vital alipougua, watu walimpa ndugu yake fedha, wakaazima karatasi zile kwa siku chache, wakanakili mbio mbio. Baadaye mafundisho ya Luria yakafika hata Italia na Poland.