Mama Anapokuja Sharjah

Tulihamia Sharjah mwaka 2008, mtoto wetu wa kwanza akiwa bado ananyonya. Mume wangu alikuwa amepata kazi Dubai, lakini kodi za nyumba za huko zilitushinda, tukafanya kama walivyofanya wengi: kulala Sharjah, kufanya kazi Dubai, na kila asubuhi na jioni kukaa kwenye foleni ya Barabara ya Al Ittihad. Mwaka uliofuata mama akaja kutoka Mombasa kutusalimu, na tangu hapo hajaacha kuja. Nikizikumbuka ziara zake moja baada ya nyingine, naona maisha yetu yote ya ugenini yamo humo.

Mwanzoni ziara ilikuwa ya wiki mbili tu, nazo zilijaa mpaka pomoni. Mume wangu alikuwa akichukua likizo yake ya mwaka siku hizo. Metro ya Dubai ilikuwa ndiyo kwanza imefunguliwa, Septemba 2009, basi tukampandisha mama kutoka mwanzo wa reli hadi mwisho. Ziara iliyofuata ilikuwa zamu ya Burj Khalifa, mita 828, na shingo zikatuuma kwa kuangalia juu. Soko la dhahabu la Deira, Global Village, maduka makubwa yenye baridi ya kutetemesha. Kupika hatukumruhusu, kwetu ilikuwa aibu mgeni kushika mwiko, na mgeni mwenyewe awe mama mzazi! Siku za mwisho zote zilikwenda Naif na Deira kutafuta zawadi za watu: mabuibui, manukato, udi, mablanketi, sufuria. Usiku wa kuondoka tulikuwa sakafuni na mizani, tunatoa kitu huku tunatia kule, maana kilo zikizidi ni pesa.

Safari yenyewe ilikuwa ndefu. Ndege ya moja kwa moja kutoka Mombasa hatukuwa nayo. Mama alikwenda Nairobi kwa basi la usiku, akapumzika kwa mjomba, kisha ndiyo akaelekea uwanja wa ndege. Na mawasiliano kati ya ziara moja na nyingine yalikuwa haba. Tulinunua kadi za kupigia simu, tukakwangua namba, tukaulizana hali na kuagana haraka kabla kadi haijakata. Hata WhatsApp ilipoenea duniani, kupiga simu kwa njia hiyo huku Emirates kumefungwa, tunapata ujumbe wa maandishi na wa sauti tu. Ilibidi ndugu zetu wote Mombasa waweke programu ya Botim kwa ajili yetu. Kwa hiyo mama alipokuja, kila mtu alitaka kumaliza mwaka mzima ndani ya wiki mbili, na hakuna aliyepata kupumua.

Baba alikuja mara moja tu. Ujana wake wote aliufanyia kazi Bandari ya Kale ya Mombasa akiwa karani, enzi majahazi ya Ghuba yakishuka na kaskazi yamejaa tende, chumvi na mazulia, na kurudi na kusi yamebeba boriti za mikoko. Minara na maduka hakuvijali. Tulimvusha hori ya Khor Dubai kwa mashua ya abra, dirham moja kwa kichwa, tukamwingiza katika nyumba za zamani za mtaa wa Al Fahidi. Ndani ya chumba kimoja alisimama akatazama dari. Kisha akanishika mkono.

"Hizi boriti zetu, mwanangu. Hizi zatoka Lamu."

Ni kweli. Nyumba za kale za pwani hii ziliezekwa kwa mikoko iliyokatwa Afrika Mashariki, kwa kuwa huku miti ya kujengea ilikuwa haba. Baba akaanza kuniainishia kwa kidole: hii boriti kamili, ile pale nyembamba ni mazio, na pau je, mbona sizioni? Mlinzi akatusogelea, akamsikiliza ingawa hakuelewa neno. Jioni tulikaa ukingoni Deira kuangalia majahazi yakipakia friji na matairi, na baba akawa anahesabu mabaharia na kutaja kasoro za upakiaji. Alifariki miaka michache baadaye. Wanangu hawamkumbuki vizuri, lakini dari ile wanaijua, kila mmoja wao nimempeleka.

Kisha ukaja mwaka 2020. Mama aliwasili Februari, nia yake arudi kabla ya Ramadhani. Mwezi Machi dunia ikafungwa kwa korona. Kenya ilisimamisha ndege za abiria za kimataifa tarehe 25 Machi, na huku nako safari zikasitishwa siku zizo hizo. Serikali ya hapa iliongeza muda wa viza zilizoisha baada ya tarehe 1 Machi bila faini, jambo ambalo tulilishukuru sana, kwa kuwa hofu yetu ya kwanza ilikuwa hiyo. Ya pili ilikuwa dawa zake za presha. Tulizipata kwa bei iliyozidi ya Mombasa mara kadhaa, na tulizinunua.

Basi mama akawa mtu wa nyumbani. Shule zilihamia kwenye kompyuta. Watoto walisoma kwenye meza ya kulia, naye akakaa pembeni yao na ungo wa mchele. Ratiba ya kila mmoja aliishika kichwani kuliko mimi niliyeibandika ukutani. "Saa mbili na nusu, hesabu!" alimwita yule mdogo, na mtoto alikimbia. Katika duka la mtaani, la mtu wa Kerala, alikuta mbuzi ya kukunia nazi, ya kukalia, karibu sawa na yake ya nyumbani. Watu wa Kerala nao hukuna hivyo. Yeye na mwenye duka hawakuwa na lugha ya pamoja, lakini nazi mbovu haikuwahi kuingia tena kwetu. Binti yangu alijifunza mahamri siku hizo: tui zito, iliki iliyotwangwa papo hapo, donge liachwe liumuke bila kuguswa. Kwenye mafuta, mama alimkataza kuyabonyeza. Hamri likikandwa sawa, alisema, huvimba lenyewe.

Ramadhani iliingia tarehe 24 Aprili, misikiti ikiwa imefungwa. Mwanangu mkubwa, aliyekuja hapa mikononi, aliadhini ukumbini, baba yake akatusalisha tarawehe. Halafu mwezi Mei habari zikatufikia kwamba serikali ya Kenya imefunga Mji wa Kale wa Mombasa, watu wasitoke wala kuingia. Ndiko kwa mama. Dada zake, majirani zake, paka wake, wote walikuwa ndani ya mipaka ile. Alishika simu mchana na usiku: mna unga? Gesi ipo? Nani anawaletea maji? Mtandao ukikatika alibaki ameitazama skrini.

Nilimwangalia nikajiona mimi. Miaka yote yeye ndiye aliyekuwa nyumbani, na mimi ndiye niliyepiga simu nikiwa mbali na wagonjwa, mbali na mazishi, mbali na harusi. Sasa tulikuwa upande mmoja wa simu. Usiku mmoja, baada ya kukata, aliniuliza, "Ndivyo unavyoishi, mwanangu, siku zote?" Tulizungumza mpaka daku. Mengi niliyomweleza usiku ule nisingeweza kumweleza juu ya Burj Khalifa.

Aliondoka Agosti, Kenya ilipofungua tena anga yake. Tangu hapo hatujarudia ziara za wiki mbili. Huja kwa mwezi au miwili, shule zikiwa wazi, kati ya Novemba na Machi jua linapopoa. Mbuzi yake inamngoja kabatini. Tangu Januari 2022 shule za Sharjah hufunga Ijumaa, Jumamosi na Jumapili, hivyo Ijumaa asubuhi wajukuu humpeleka Souq Al Jubail kuchagua samaki. Hufunua shavu la changu kwa kidole gumba, akiona rangi imepauka husonga mbele bila kusema neno, na wauza samaki wameshamjua. Januari 2024 flydubai ilianza safari za moja kwa moja kati ya Dubai na Mombasa, na basi la usiku likatutoka. Hata mizigo imegeuka: zamani masanduku yaliondoka kwetu yamejaa, siku hizi ndiyo yanayofika yamejaa, unga wa mhogo, mabuyu na achari za maembe, na yeye huondoka na begi jepesi.

Nawaambia wenzangu mlio huku ambao wazazi wenu wana nguvu za kusafiri: waiteni. Waulizeni dawa zao mapema, kwa kuwa zenye kodeini zinahitaji kibali hapa, na miraa isikanyage begini kabisa. Wakatieni bima ya afya. Msiwape matembezi ya kila siku. Wapeni jiko, wapeni ratiba ya watoto, wapeni kazi ya kufanya katika nyumba. Na muda muwape wa kutosha. Wiki mbili hazitoshi.